Usiku Mmoja Mvita

Msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa, mji uitwao pia Mvita, usiku mmoja tu. Ilikuwa mwaka 1331, naye akitoka Mogadishu kwenda Kilwa. Miaka zaidi ya 20 baadaye, alipokuwa akisimulia safari zake huko Morocco, bado alikumbuka ndizi, ndimu na samaki wa kisiwa kile, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje. Kilichomkaa zaidi rohoni ni miguu ya watu. Wenyeji walitembea peku. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri, na kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kifupi ambamo mtu huchota maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Mtu wa Pwani angekiita kata. Anayeingia huosha miguu kwanza, kisha huisugua kwenye kipande cha mkeka mgumu kilichowekwa mlangoni. Ni jambo dogo, lakini tangu hapo wageni wengi wamekaa Mombasa wiki mbili bila kuona hata hilo.

Kulala usiku mmoja, hata hivyo, hakukuwa desturi ya bandari ile. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, kuanzia Desemba, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, Aprili hivi. Nahodha alikuwa na miezi mikononi. Alitafuta mwenyeji wa kumpa chumba, alinunua pembe na boriti, akauza nguo na tende, na wapo waliooa wakaacha ukoo. Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, nadhani, ilitungwa mbali na bahari. Mvita, mgeni wa siku ya 90 bado alikuwa mgeni, na bado alikuwa na shehena ya kuuza.

Aprili 1498 wakaja wageni wa namna nyingine. Mreno Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji, akaogopa kuingia bandarini, akawatuma watu wake wawili wakatazame. Mfalme wa Mombasa aliwapokea kwa heshima, akaamuru watembezwe mjini. Wakapelekwa hata nyumbani kwa wafanyabiashara wawili wa kigeni, ambao Wareno waliwadhania kuwa Wakristo wenzao, na waliporudi walibeba sampuli za viungo na nafaka. Huo ndio utalii wa kutembezwa wa zamani kabisa ninaoujua katika mji huu, na malipo yake yalikuwa machungu: mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na merikebu za vita, akauteka mji, akaupora na kuuchoma moto.

Mgeni wa leo hukutana na Wareno hao kwenye dirisha la tiketi. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Waingereza wakaigeuza jela tangu 1895. Ikawa makumbusho mwaka 1960, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia 2011. Watoto wa shule hupiga picha juu ya mizinga wakicheka, wala siwalaumu. Upepo wa pale juu ni mtamu.

Meli za stima ndizo zilizoubadilisha mji. Hazikungoja kaskazi wala kusi, na kwa ukubwa wao zilitaka maji marefu, kwa hiyo shughuli zikahama kutoka bandari ya majahazi kwenda upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, mahali ambapo jina lenyewe linataja kina. Abiria aliposhuka alipandishwa troli: benchi lenye paa la turubai, juu ya magurudumu madogo, likipita kwenye reli nyembamba zilizotandazwa barabarani. Halikuwa na farasi wala injini. Lilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake juani, kisha kwenye mteremko wakarukia nyuma na kupumzika kidogo. Kwa kijitabu cha msafiri ilikuwa burudani. Msukumaji hakuandika chochote.

Reli kubwa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, Mombasa ikawa mlango tu. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alishuka tarehe 21 Aprili 1909, na kesho yake tayari alikuwa kwenye treni ya kwenda bara, ameketi kwenye benchi mbele ya injini akitazama wanyama. Alikuja Afrika kuwinda. Mji wa karne nyingi ulikuwa kituo cha kubadilishia chombo.

Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu zilizopindana juu ya Barabara ya Moi, ambazo kila mgeni lazima apigwe picha chini yake, zina kichekesho chao. Zinahusishwa na ziara ya Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1952. Meli ilikuwa inamngoja Mombasa, lakini tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akarudi Uingereza kwa ndege akiwa malkia, bila kufika kisiwani.

Ndege ndiyo iliyokamilisha kazi. Hoteli zilijengwa bara, Nyali, Bamburi, Diani, mahali penye mchanga, na Wajerumani, Waingereza na Waitaliano wakaja kwa ndege za kukodi. Mgeni akapata bahari bila mji. Kisiwa kikawa ziara ya nusu siku: ngome, pembe, duka la vinyago, kisha basi. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 na bomu la Kikambala la Novemba 2002 zilipowatisha wageni, hoteli zilifunga milango, na aliyeumia kwanza alikuwa mvuvi aliyezoea kuuza kamba jikoni kwao.

Ukienda, nenda Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, baada ya alasiri, jua likiwa limepungua makali. Muuza kahawa hupita na dele la shaba, vikombe vikigongana mkononi mwake kabla hujamwona. Kunywa kimoja, na kashata. Adhana ya magharibi ikilia, watu hutoka majumbani kwa kandambili, huziacha mlangoni mwa msikiti, na ndani unasikia maji yakimwagika miguuni.