Dawa za Wagonjwa wa Akili na Watunzaji Wake: Habari za Kale na za Sasa

Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, za mashule, na za mapadre, masista na walimu waliotutangulia. Mimi nimeombwa niandike habari za uganga. Nami nimechagua jambo moja ambalo hatuna desturi ya kulisema kwa sauti, yaani habari za ndugu zetu waliougua akili, na dawa walizopewa, na jinsi dawa hizo zinavyotunzwa au zinavyopotezwa. Nimelichagua kwa kuwa mimi mwenyewe nalikosa katika jambo hili, na kosa langu nitalieleza mahali pake.

Zamani za kamba na gogo

Zamani mtu akipotewa na akili, watu hawakuuliza, Ana ugonjwa gani? Waliuliza, Nani amemtenda? Jina la mji wetu lenyewe lakumbusha mawazo hayo, kwani wenyeji hulifasiri neno Sumbawanga kuwa ni amri: Tupa uchawi. Basi mgonjwa aliyekuwa mpole aliachwa atembee kijijini, ale anachopewa na alale panapompata. Aliyekuwa mkali alifungwa kamba, au mguu wake ulitiwa katika gogo lililotobolewa.

Lakini tusidhani ya kuwa jambo hilo lilikuwa la Waafrika peke yao. Ulaya nako wagonjwa wa akili walifungwa minyororo kwa miaka mingi, na watu wengine walikwenda kuwatazama kama wanyama. Mwisho wa karne ya 18 ndipo waganga wachache, kama Philippe Pinel wa Paris, walipoanza kusema kwa nguvu ya kuwa hao ni wagonjwa, nao wafunguliwe. Tena yafaa tuwahukumu wazee wetu kwa haki. Wengi walimfunga ndugu yao bila kumchukia. Walimfunga kwa kuwa usiku ulikuwa mrefu, na moto ulikuwa karibu, na watoto walikuwamo nyumbani, wala hapakuwa na kitu kingine cha kumtuliza.

Daktari Atiman wa Karema

Mwaka wa 1885 Mapadre Weupe waliipokea boma ya Karema, kando ya ziwa Tanganyika, na kutoka huko Injili ilipanda mpaka nyanda za juu za Ufipa. Miaka michache baadaye alifika Karema mtu ambaye jina lake latajwa hata leo, Adriano Atiman. Alizaliwa nchi ya mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe. Wakamsomesha uganga katika kisiwa cha Malta, naye mwaka wa 1888 akasafiri kuja pande zetu. Alikuwa daktari na katekista pamoja, na kazi hizo mbili hakuziacha mpaka alipofariki mwaka wa 1956.

Namtaja Atiman kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hii: katika sehemu kubwa ya maisha yake, ulimwengu mzima haukuwa na dawa iliyoweza kuondoa sauti katika masikio ya mgonjwa wa akili. Daktari wa Karema hakuwa nayo, na daktari wa London hakuwa nayo. Ya pili, alituonyesha ya kuwa mtu mmoja aweza kushika kitabu cha sala kwa mkono mmoja na chupa ya dawa kwa mkono wa pili, wala kimoja kisikione kingine kuwa adui. Fundisho hilo la pili mimi nalilisoma, lakini sikulishika upesi.

Nyumba za mbali

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamisioni wa Kiinjili kutoka Ujerumani walifanya nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Mwaka wa 1927, wakati wa serikali ya Kiingereza, ilifunguliwa hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Toka Ufipa mpaka Dodoma ni safari ya mamia ya maili, na barabara za siku hizo hazikuwa hizi tuzionazo sasa. Mtu aliyepelekwa huko aliagwa kama mtu anayezikwa. Watu wa nyumbani waligawana nguo zake, na shamba lake likalimwa na mwingine.

Na huko mbali alipewa nini? Alipata kitanda, chakula, kazi ya bustani, na dawa za kulaza usingizi. Dawa hizo zilimfanya alale, lakini alipoamka aliamka na ugonjwa wake.

Dawa mpya

Katikati ya karne hiyo mambo yaligeuka. Mwaka wa 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika ya kuwa chumvi ya madini iitwayo lithiamu yawatuliza wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa furaha. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa iitwayo klopromazini. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele mchana na usiku walitulia, wakaweza kuketi na kuzungumza. Mwaka wa 1958 huko Ubelgiji ikapatikana haloperidoli. Baadaye tena zikatengenezwa sindano ambazo nguvu yake hukaa mwilini majuma kadhaa, kwa ajili ya wale wasioweza kumeza vidonge kila siku.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo watu hawakulitazamia. Wagonjwa walipotulia waliweza kurudi kwao. Lakini hospitalini alikuwako mwuguzi wa kuhesabu vidonge. Je, kule kijijini atahesabu nani? Tangu siku hiyo kazi ya uganga wa akili ilitoka mikononi mwa daktari peke yake, ikaingia nyumbani, kwa mama, kwa mke, kwa ndugu, na kwa mwalimu wa kigango.

Mfano wa Mahenge

Mfano mzuri wa kazi hiyo twaupata katika nchi yetu wenyewe, huko Mahenge, kwa Wapogoro. Mwaka wa 1960 daktari mmoja mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya wenye kifafa, akisaidiwa na misioni ya Kwiro. Kifafa si wazimu. Ni ugonjwa wa ubongo. Lakini wenye kifafa walionewa kama wenye wazimu, na hata leo katika hospitali zetu nyingi hutibiwa na watumishi walewale. Kule Mahenge watu waliogopa mate ya mgonjwa, wakamtengea chombo chake cha chakula. Alipoanguka motoni au majini, wengi waliogopa kumgusa, na kwa hiyo waliungua na kuzama.

Daktari huyo aliwapa dawa ya bei ndogo, fenobabitoni, iliyokwisha kujulikana tangu mwaka wa 1912. Dawa yenyewe haikuwa ya ajabu. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya watu waje kila mara, waandikwe, waulizwe, waongezewe au wapunguziwe dawa, na jamaa zao wafundishwe ya kuwa dawa haikatizwi. Mwaka wa 1992 yeye na daktari mwenzake, Rwiza, walitoa habari za wagonjwa 164 waliofuatwa katika kliniki hiyo kwa muda wa miaka 30. Fikirini wasomaji: miaka 30 ya kufuata watu wa vijijini, wengine wakaao mbali sana! Kidonge kimoja ni kazi ya dakika moja, na utunzaji wake ni kazi ya maisha.

Dawa zashuka mpaka zahanati

Mwaka wa 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa za lazima, na ndani yake zilitiwa dawa za akili, kama klopromazini na haloperidoli. Mwaka wa 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yakakubaliana ya kuwa huduma ya afya ianzie karibu na makao ya watu. Katika miaka ya 1980 serikali yetu ilijaribu jambo hilo katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ikawafundisha watumishi wa zahanati kuwajua na kuwatibu wagonjwa wa akili. Mwaka wa 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili. Basi njia ya Dodoma haikufungwa, lakini si njia ya kwanza tena. Mgonjwa huanza karibu, na mara nyingi huishi karibu.

Kosa langu

Sasa nalieleza lile nililoahidi. Katika kigango changu alikuwako kijana mmoja, mkulima hodari, mpiga ngoma wa kwaya. Mwaka mmoja, wakati wa kulima ntumba, aliacha jembe katikati ya shamba, akisema ya kuwa anasikia watu wakimtukana toka chini ya udongo. Jamaa walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, kisha kwa mwingine, mbuzi wakaisha. Mwisho mama yake akampakia katika mkokoteni wa ng'ombe, akampeleka hospitali. Alipewa vidonge. Mikono yake ilitetemeka kidogo, na usingizi ulimzidi, lakini sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Baada ya miezi minane akarudi kupiga ngoma.

Jumapili moja nalimsimamisha mbele ya watu. Nikasema, "Tazameni, Mungu amemponya!" Hapo sikukosa. Lakini nikaongeza, "Mtu aliyeponywa na Mungu ana haja gani na vidonge?" Watu wakapiga vigelegele. Yule kijana aliniamini, maana mimi ni mwalimu wake. Jioni ile akavimwaga vidonge vyote mtoni.

Majuma ya kwanza hapakuwa na neno, nami nikazidi kujisifu moyoni. Mwezi wa tatu akaacha kulala. Usiku mmoja wa Juni, upepo baridi ukivuma, aliwasha moto chini ya kihenge cha mama yake, akisema adui wamejificha ndani. Mahindi ya mwaka mzima yakateketea. Asante kwa Mungu, hakuna aliyekufa. Asubuhi nalimkuta amefungwa kamba kwenye mti, kama zamani za babu zetu, na aliyefunga kamba ile ni mama yake mwenyewe, huku akilia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, ulituambia." Neno hilo sijalisahau.

Tukampeleka tena hospitali. Safari hii uponyaji ulichukua muda mrefu kuliko kwanza, na daktari alituambia ya kuwa ndivyo iwavyo mara nyingi: ugonjwa ukirudi baada ya dawa kukatizwa, waweza kuwa mzito zaidi. Tangu siku hiyo kopo la vidonge hukaa kwa mama, nami kila Jumamosi hupita kuuliza vimebaki vingapi. Ngoma yake imesikika tena, ingawa si kila Jumapili.

Mambo yatupasayo

Kwanza, mgonjwa akipata nafuu, asiache dawa kwa shauri lake, wala kwa shauri la jirani, wala la mwalimu wa dini. Aliyepona mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa mwaka mmoja au zaidi, na mtu wa kuipunguza, polepole, ni daktari. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafula aweza kuanguka mfululizo mpaka kufa.

Pili, tuwe na subira. Dawa za huzuni nzito hazifanyi kazi siku moja; hutaka majuma mawili, matatu, au zaidi. Wengi huziacha katika juma la kwanza, wakisema hazifai.

Tatu, dawa hizi zina maudhi yake: usingizi, kinywa kukauka, mikono kutetemeka, shingo kukakamaa, miguu kutotulia, mwili kunenepa. Tusimcheke mgonjwa kwa ajili ya hayo, wala tusiyafiche. Yasemwe kliniki, maana kipimo chaweza kubadilishwa. Mwenye kutumia lithiamu lazima apimwe damu. Na mwanamke aliye mjamzito, au anayetaka kuzaa, aende mapema kuuliza, kwa kuwa dawa nyingine zadhuru mtoto, na kuziacha kwa siri kwaweza kumdhuru mama.

Nne, tusingojee kopo liwe tupu. Zahanati zetu huishiwa dawa, na mvua hukata njia. Tuondoke siku kadhaa kabla. Wala tusigawiane vidonge, kwa maana cha mmoja chaweza kuwa sumu kwa mwingine. Na pombe isichanganywe navyo.

Tano, walimu wa shule, mtoto akianguka kifafa msimfukuze darasani. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, msimtie kitu kinywani, ngojeni mpaka aamke. Kifafa hakiambukizi. Akiendelea kutikisika kwa dakika tano, mpelekeni upesi kwa mganga.

Kuna watu watakaouliza, Je, basi tuache kuwaombea? Hasha. Tuombe pamoja nao kila siku, na tuwape maji ya kumezea. Mji wetu waitwa Tupa uchawi. Jirani yako akiugua akili, usiende kutafuta mchawi wake. Nenda kaulize kama amekula, kama amelala, na kama kopo lake bado lina dawa.

Katika yubilei hii tumekwisha kuhesabu makanisa na shule zetu. Naomba kila kigango kihesabu pia wagonjwa wake wa akili, kwa siri na kwa heshima, na kila mmoja apewe mtu wa kumtembelea. Katika kigango changu tumeanza na wanne.