Android na kiwanda cha simu cha Durban

Android ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu mama inayoiongoza simu na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ilianza katika kampuni ndogo ya Marekani mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005. Mwezi wa Oktoba 2008 Google ilitoa hadharani msimbo wake, yaani maandishi ya wataalamu yanayoielekeza simu la kufanya. Tangu hapo kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyatia katika simu zake bila ya malipo. Programu ya namna hii huitwa programu huria.

Durban. Oktoba 2019 Rais Cyril Ramaphosa alifungua kiwanda cha Mara Phones katika eneo la Dube TradePort, karibu na uwanja wa ndege wa Durban. Siku chache kabla, kiwanda ndugu kilifunguliwa Kigali. Mwasisi wake, Ashish Thakkar, ni mtoto wa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na makao ya kundi lake la makampuni yalikuwa hapa Ghuba, mjini Dubai. Simu zake, Mara X na Mara Z, zilitumia Android. Hakulazimika kuajiri jeshi la wataalamu kuandika mfumo mpya.

Kisicho huria. Wengi hudhani Android yote ni bure. Sivyo. Duka la Google Play, Ramani na Gmail ni mali ya Google, na mtengenezaji hana budi kuomba leseni. Ndiyo maana Huawei, ilipowekewa vikwazo na Marekani mwaka 2019, iliweza kuendelea kutumia msimbo huria, lakini simu zake mpya zikatoka bila ya duka hilo. Basi kabla hujanunua simu ya kumpelekea mama nyumbani, uliza kwanza kama ina Google Play.

Mwisho wa kiwanda. Kiwanda cha Durban hakikudumu. Mwaka 2022 mali zake zilitangazwa kwa mnada. Msimbo wa bure ulikipunguzia gharama moja tu. Vipuri, mishahara na madeni vilibaki palepale, na wanunuzi walikuwa na simu nyingi nyingine za kuchagua, zenye mfumo uleule. Mlango uliofunguliwa kwa Mara ulikuwa wazi kwa wote.