Absinthi ya Pontarlier na Desturi ya Kuinywa

Absinthi, yaani pombe kali inayokenekwa kwa pakanga, anisi na shamari, ilianzia bonde la Val-de-Travers nchini Uswisi mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1805 kiwanda cha Pernod kikafunguliwa ng'ambo ya mpaka, mjini Pontarlier, Ufaransa. Kwa kuwa kilevi chake mara nyingi hupita asilimia 50, haikukusudiwa kunywewa bila maji: kijiko chenye matundu huwekwa juu ya bilauri, kikabeba kipande cha sukari, kisha maji baridi sana, mara tatu hadi tano ya kiasi cha pombe, hudondoshwa polepole, nayo mafuta ya anisi, yanayoyeyuka katika kilevi lakini si katika maji, hujitenga na kukifanya kinywaji cha kijani kuwa cheupe kama maziwa. Uzuri wote wa desturi hii umo katika subira hiyo. Kuichoma sukari kwa moto, mtindo wa juzijuzi tu, huharibu ladha.

Mwaka 1905 kibarua mmoja nchini Uswisi aliua familia yake, na ingawa siku hiyo alikuwa amekunywa divai nyingi zaidi, lawama iliangukia absinthi, ambayo Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1910, ikafuatwa na Ufaransa mwaka 1915, hadi Waswisi walipoirudisha kihalali mwaka 2005.