Kabla Utoe Laki Kadhaa kwa Amplifaya ya Keja, Soma Hii Kwanza

Pita Luthuli Avenue siku yoyote utapata wufa imebandikwa stika: PMPO 15,000. Wati elfu kumi na tano, na waya wake unaingia kwa soketi ya kawaida ya ukuta. Hiyo soketi ni ya ampea 13. Zidisha na volti zetu 240, unapata kama wati 3,000. Sasa hizo zingine 12,000 zinatoka wapi, kwa maombi?

Sina ubaya na wufa, sote tulianzia hapo. Shida ni ukishaomoka kidogo, unataka kitu siriasi ya kusikiza ngoma kejani, alafu unaenda kununua na akili ileile ya stika: yenye iko na wati mob ndio kali. Hapo utaingizwa boksi mchana peupe.

Tuelewane kwanza. Amplifaya ya intigreti ni ile imebeba kazi mbili kwa boksi moja. Ya kwanza ni kuchagua ngoma inatoka wapi, simu, CD ama santuri, na kushika volyumu. Ya pili ni kuchukua hiyo sauti ndogo na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Wasee wa doh refu hutenganisha hizo kazi kwa maboksi mawili au zaidi. Kwa keja, moja inatosha.

Sasa cheki hizi mbili. Accuphase E-800 ya Japani inatoa wati 50 kila upande kwa spika ya omu 8. McIntosh MA12000 ya Marekani inatoa 350. Zote ni bei ya gari. Kama wati ndio zingekuwa mambo yote, nani angenunua hiyo Accuphase?

Jibu liko kwa spika. Kila spika ya maana ina namba ya desibeli kwa makaratasi yake: hiyo ni sauti unayopata ukiipea wati moja na kuipima kutoka mita moja. KEF LS50 Meta imeandikwa 85. Klipsch Heresy IV imeandikwa 99. Kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, kuongeza 10 unahitaji mara kumi. Hiyo tofauti ya 14 inakuwa kama mara 25. Yaani sauti yenye KEF inatoa na wati 100, Klipsch inafika hapo na wati 4. Nne, buda.

Na kwa bedsita, ukikaa mita mbili kutoka kwa spika, hata hiyo KEF itakula wati moja ama mbili ukisikiza kawaida. Zingine zote ni akiba. Besi ikidondoka ghafla inaweza taka mara kumi ya hiyo kwa muda mdogo sana. Akiba ikiisha, amplifaya inaanza kukata sauti juu, unasikia ikikwaruza, na twita, kale kaspika kadogo, ndiko huenda kwanza. Ndio maana unachagua spika, alafu amplifaya inafuata. Msee wa duka anaweza taka ufanye kinyume.

Kuna namba ingine watu huruka: omu. LS50 Meta imeandikwa 8, lakini kuna mahali inashuka hadi 3.5, na ikishuka inavuta mkondo mob. Amplifaya yenye transfoma ya maana haishtuki. E-800 ukiipea omu 4 inatoka 50 inaenda 100. Ya kubahatisha inapata moto na kujizima. Kwa hivyo soma wati za omu 8 na za omu 4. Ya pili ikikaribia mara mbili ya ya kwanza, hapo kuna misuli. McIntosh usiihukumu hivyo, hiyo iko na transfoma spesheli za upande wa spika zinazoifanya ibaki 350 kwa omu 8, 4 ama 2.

Tokeni nazo? Hiyo Accuphase ni klasi A: inakula stima hata ngoma ikiwa imesimama, na inapata joto la kupasha chapo. Kwa hesabu ya vitabu, klasi A haiwezi kuvuka asilimia 50, angalau nusu ya stima inapotea kama joto. Klasi D inaweza fika 90 na inakaa baridi. Katikati kuna klasi AB, na amplifaya nyingi za bei kubwa ziko hapo. Kama keja yako haina dirisha la maana, klasi A achana nayo, hata kama sauti imekubamba.

Sasa volti. Mimi nimelipia hii somo. Mtu wa familia aliniletea amplifaya mtumba kutoka Marekani, nikaichomeka nikiwa na haraka ya kusikia ngoma. Harufu, moshi, kimya. Fundi aliifungua akanionyesha transfoma imeiva. Doh ilikuwa ya semista, na chuo sikurudi.

Kwa hivyo geuza nyuma, soma kabla hujatoa hata soo. Ya Uingereza ni volti 230, inaingia fiti, hadi plagi ni zetu. Ya Marekani ni 120. Ya soko la ndani la Japani ni 100, na hizo ndizo hukaa rahisi mtandaoni. Kuna transfoma za kushusha volti, lakini hakikisha yako inabeba wati kuliko zenye amplifaya inakula.

Ukienda kusikiza, beba ngoma zako, zile unajua hadi pumzi ya msanii. Na kama wanakulinganishia mbili, pima sauti na programu ya simu zikuwe sawa. Ile iko juu kidogo itakuwa tamu kila wakati, na wauzaji wanajua.

Na kama laki bado ziko mbali, tafuta NAD 3020 mtumba. Ilitoka 1978, wati 20 tu, ya bei nafuu, na hadi leo inaheshimiwa na watu wa amplifaya za mamilioni. Kwa hiyo ama mtumba ingine yoyote, iache iwake nusu saa ukiwa hapo. Zungusha volyumu polepole usikie kama inakwaruza, kisha uliza mwenyewe kama kapasita zilishawahi badilishwa. Akisema hajui, toa doh ya fundi kwa bei mkiwa bado mnaongea.