Penseli, Flopi na Tabaka Kumi za Giza

Juu ya meza yangu kuna daftari la hesabu, lile la miraba ambalo mtoto wa darasa la tatu hubeba mkobani. Nimehesabu miraba 20 kwenda kulia na 20 kwenda juu, nikazungushia mstari. Katika mraba wa chini kabisa, pembe ya kushoto, nimeandika herufi N, yaani ngazi. Kila nikipiga hatua moja kwenye skrini, penseli nayo inasogea mraba mmoja. Nikikuta ukuta nachora mstari mzito. Nikikuta mlango naukata mstari kwa nukta. Nikikosea mraba mmoja tu, ramani nzima inapinda, na watu sita walio chini ya uongozi wangu hawatarudi juu.

Mchezo huu unaitwa Wizardry. Ulitoka Marekani Septemba 1981, ukatengenezwa kwa ajili ya Apple II, mojawapo ya kompyuta za kwanza ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua na kuziweka nyumbani. Mimi nauchezea kwenye laptop, ndani ya programu inayoiga mashine hiyo ya zamani. Ni karibu miezi miwili sasa niko ndani ya mzingile huu kila usiku, na bado sijapita tabaka la pili.

Ili msomaji auelewe mchezo huu, kwanza aielewe mashine. Apple II iliingia sokoni mwaka 1977. Prosesa yake, MOS 6502, ilipiga takriban mapigo milioni moja kwa sekunde. Kumbukumbu ambayo Wizardry ilihitaji ni kilobaiti 48, na picha moja unayopiga leo kwa simu hujaza nafasi kubwa kuliko hiyo mara makumi kadhaa. Flopi yake, ile bapa ya plastiki laini iliyotosha kupenyezwa ndani ya bahasha, ilibeba kilobaiti 140 kwa upande mmoja. Humo ndimo ilimobidi kuingia kasri, mji, duka la silaha, hekalu, mazimwi kwa makundi, uchawi wa kila namna na mzingile wa tabaka 10, kila tabaka miraba 400.

Mchezo wa kushuka mashimoni haukuzaliwa kwenye kompyuta. Ulianza mezani, kwa karatasi na dadu, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Katika mchezo ule mtu mmoja husimulia kilichomo gizani, wengine huamua wafanye nini, na kwa kawaida mmoja wao hupewa kazi ya kuchora ramani kwa kadiri msimulizi anavyosema. Mchora ramani huyo, aliyeinamia karatasi yake ya miraba wakati wenzake wanabishana, ndiye babu wa wachezaji wote ninaowaandika hapa.

Mwaka mmoja tu baadaye, wanafunzi walikwisha kuupeleka mchezo huo kwenye PLATO. Huo ulikuwa mtandao wa kompyuta wa kufundishia, uliojengwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, wenye skrini za plazma zilizowaka rangi ya chungwa. Ulikusudiwa masomo. Lakini mwaka 1975 Rusty Rutherford aliandika mchezo wa mashimo ndani ya nafasi iliyotengewa kazi nyingine kabisa, na ili usigundulike akauacha na jina la faili lisilomwambia mtu lolote: pedit5. Wasimamizi waliugundua, wakaufuta. Haikusaidia. Ikafuata dnd, ikafuata Oubliette mwaka 1977, ambamo wachezaji waliweza kuungana kundi na kushuka pamoja.

Miongoni mwa waliozama katika skrini zile za chungwa ni vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York: Andrew Greenberg na Robert Woodhead. Greenberg alikuwa ameanza kuandika mchezo wake kwa lugha ya BASIC kwenye Apple II. Woodhead naye alikuwa na wake wa aina hiyohiyo, aliouita Paladin. Wakaamua kuunganisha nguvu. BASIC ilikuwa inakokota mchezo, kwa hiyo kazi yote ikaandikwa upya kwa Pascal. Kampuni iliyouchapisha, Sir-Tech, ilikuwa ya familia ya Sirotek, katika mji mdogo wa Ogdensburg, mpakani na Kanada. Kufikia katikati ya mwaka 1982 nakala zipatazo 24,000 zilikuwa zimeuzwa, idadi kubwa sana kwa soko changa kama lile. Vijana wale wakajiweka ndani ya hadithi yao: mfalme mwendawazimu anayewatuma watu mashimoni anaitwa Trebor, na mchawi aliyemwibia hirizi na kujificha tabaka la 10 anaitwa Werdna. Yasome majina hayo kutoka nyuma.

Sasa nirudi kwenye kile kinachoonekana. Ukishuka ngazi, dirisha dogo kwenye pembe ya juu kushoto ya skrini linakuonyesha ujia: mistari myeupe juu ya weusi, kama mchoro wa fundi anayeeleza korido kwa vijiti. Ni hivyo tu, kuta hazina mawe wala tochi. Sehemu nyingine yote ya skrini ni maandishi. Kila ujia unafanana na mwingine, na mashine haikuchorei ramani. Imeiacha kazi hiyo kwako, na mimi naamini hapo ndipo ukuu wa Wizardry ulipo. Kilobaiti 48 hazikutosha kubeba dunia nzima, kwa hiyo nusu ya dunia ile ikawekwa mkononi mwa mchezaji, kwenye karatasi na kichwani mwake. Mchezo wa leo hukuonyesha jiwe hadi ufa wake, nawe unapita mbio bila kuligusa. Ukuta wa Wizardry nimeuchora mwenyewe. Ninaujua.

Tena watengenezaji wake walijua kwamba wanapambana na penseli. Kuna mraba ukiukanyaga unakuzungusha kimyakimya, ukaelekea mashariki huku ukidhani uko kaskazini. Kuna mahali pa giza tupu ambapo kuta hazionekani kabisa. Kuna mraba unaokurusha upande wa pili wa tabaka bila neno lolote. Na pembezoni hakuna mwisho: ukitoka ukingo wa mashariki unatokea magharibi. Usiku mmoja nilichora ujia mrefu ulionyooka kwa hatua 30, hadi nikaingia nje ya mstari wangu wa miraba 20, ndipo nikang'amua kwamba nilikuwa narudia njia ileile. Nilifuta na kuchora upya hadi karatasi ikatoboka. Dawa ya hali kama hiyo ni uchawi mmoja mdogo uitwao DUMAPIC, unaokuambia uko hatua ngapi kutoka kwenye ngazi. Nimefika mahali ninauthamini kuliko upanga wowote.

Majina kama hilo ya uchawi yanastahili neno la pembeni, maana sikio la Mswahili linayapokea kwa namna yake. Hayakutoka katika lugha yoyote. Yalibuniwa, na mchezaji alipaswa kuyaandika kwa herufi zake kwenye kibodi katikati ya vita. HALITO ni moto mdogo wa kumchoma adui mmoja. MAHALITO ni moto wa kundi zima. LAHALITO ni mkali zaidi ya huo. Kwa upande wa kasisi, DIOS huponya jeraha, na BADIOS hulifungua kwa adui. Mzizi unabaki, kiambishi cha mbele kinageuza maana, na maneno mengi yanaishia kwa irabu. Sisi tunaishi ndani ya lugha ya namna hiyo tangu utotoni. Nilipoona MAHALITO kwa mara ya kwanza, kabla ya kusoma maelezo, nilikwisha kukisia kwamba ni HALITO iliyokuzwa au iliyoongezwa wingi.

Kitu kilichowatisha watu wa 1981, na kinachonitisha mimi leo, ni namna mchezo huu unavyotunza kifo. Michezo mingi ya leo hukuruhusu kuhifadhi ulipofika, ukifa unarudi hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wizardry haikutoa nafasi hiyo. Mtu wako akifa, mashine inaandika kifo chake kwenye flopi papo hapo. Wachezaji wa zamani waliusikiliza mkwaruzo wa kifaa cha diski kama daktari anavyosikiliza kifua. Baadhi yao walikaa mkono ukiwa tayari kwenye kilango chake, wakiona vita vinageuka wakifungue haraka, flopi ichomolewe kabla habari mbaya haijaandikwa. Sitawalaumu. Wapiganaji wale walikuwa wamewalea kwa majuma.

Mtu aliyekufa anaweza kufufuliwa katika hekalu la Cant kwa malipo. Makasisi wakishindwa, mwili unageuka majivu. Majivu nayo yanaweza kujaribiwa mara moja, na wakishindwa tena, jina linafutika kabisa. Kuna pia uchawi wa MALOR wa kulihamisha kundi zima kutoka mahali hadi mahali kwa kutaja hatua ngapi na upande gani. Ukikosea hesabu ukatua ndani ya mwamba, wote sita wanapotea kwa kosa moja la penseli, na hekalu halina la kufanya.

Mbegu ya Wizardry ilisafiri mbali. Japani iliipokea kwa moyo kuliko hata nyumbani kwake. Mtengenezaji wa michezo Yuji Horii alikutana na Wizardry mapema miaka ya 1980, akaipenda pamoja na mchezo wa Ultima wa Richard Garriott, na mwaka 1986 akatoa Dragon Quest, ulioufanya mchezo wa namna hii uchezwe na watoto wa nchi nzima kwa kidhibiti chenye vitufe vichache. Wizardry yenyewe ikaingia kwenye kompyuta za Kijapani mwaka 1985 na kwenye mashine ya michezo ya Famicom mwaka 1987, na imeendelea kuzaa michezo mipya huko hata baada ya Sir-Tech kufunga milango. Woodhead alivutwa na nchi hiyo kiasi kwamba baadaye alishiriki kuanzisha AnimEigo, kampuni ya kuleta katuni za Kijapani Marekani. Greenberg akawa mwanasheria.

Mwaka 2024 kampuni ya Digital Eclipse ilikamilisha toleo jipya la mchezo huu. Kuta sasa zina mawe, mazimwi yana nyama na mifupa, na muziki wake, kazi ya Winifred Phillips, ulishinda tuzo ya Grammy mwaka 2025. Lakini chini ya mapambo hayo inatembea programu ileile ya Apple II, na mchezaji akitaka anaweza kuitazama skrini ya zamani ikifanya kazi pembeni mwa mpya. Greenberg alifariki mwaka huohuo wa 2024. Aliiona kazi yake ya ujana ikiwaka tena.

Mimi nimebaki na ile ya mistari myeupe. Kundi langu la kwanza niliwaita Bahati, Neema, Mwinyi, Zuhura, Juma na Tatu. Walifika tabaka la pili wakiwa wamechoka, na ningepaswa kuwarudisha juu, ila ulikuwa umebaki ujia mmoja tu ukurasa wangu ukamilike. Nikaufungua mlango kwa teke, kama mchezo unavyotaka. Skrini ikaandika kwamba mbele yetu kuna watu wenye majoho. Majina yao halisi hayakujulikana bado, maana mchezo huu hukuonyesha kwanza umbo, jina ulipate baadaye ukibahatika. Walikuwa wachawi. Wakatamka KATINO, na watu wangu wanne wakalala palepale. Sikuwahi kuwaona wakiamka.

Wizardry haiifuti miili. Inabaki katika mraba uleule ilipoanguka, hadi mtu mwingine aifuate. Niliweka alama ya X kwenye daftari, nikaandikisha watu wapya, nikawafundisha vita katika tabaka la kwanza kwa karibu juma zima. Hapo ikanijia hesabu ambayo sikuwa nimeiwaza: kundi haliwezi kuzidi watu sita, na maiti anahesabiwa mtu. Ukishuka na sita hurudi na yeyote. Kwa hiyo nilituma watatu tu, wadogo, katika tabaka lililowashinda sita waliowazidi nguvu.

Walikwenda kwa kufuata penseli. Kila kona niliikuta pale nilipoichora. Kwenye alama ya X nikabonyeza kitufe cha kupekua sakafu, na majina yakajitokeza kwa herufi kubwa nyeupe. Nikawachagua watatu: Neema, kwa kuwa ndiye kasisi, Zuhura mwenye DUMAPIC, na Bahati. Tulihesabu hatua kurudi hadi ngazini na kundi moja tu la mazimwi likatukuta njiani, nalo tukalikimbia.

Hekaluni dhahabu ilitosha. Neema akafufuka, na Bahati naye. Zuhura akawa majivu, nami sina fedha za kumjaribu tena. Mwinyi, Juma na Tatu wangali chini, mraba uleule, nyuma ya mlango ule. Kesho usiku nitashuka na watatu.