Dirt: Udongo, Uchafu au Kinyesi?

Neno la Kiingereza "dirt" asili yake ni kinyesi. Waingereza walilipata kwa Wanorse wa kale, walioita kinyesi "drit". Waingereza pia walitamka hivyo kwa muda, kisha sauti mbili za katikati zikabadilishana nafasi. Maana nayo ikapanuka, kutoka mavi hadi tope, kutoka tope hadi chochote kichafuacho, na hatimaye udongo wenyewe. Mmarekani akisema barabara ni ya "dirt", hailaumu. Anasema tu kwamba haina lami.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Udongo hulimwa na hufinyangwa vyungu. Uchafu ni kile kilichoharibu usafi wa kitu. Tope kwenye kanga ni uchafu, lakini shambani ni udongo uliolowa. Kidholuo nacho hutenga: lowo ni udongo na ardhi, chilo ni uchafu.

Ndiyo maana huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Kombewa katika Seme hadi soko la Kibuye mjini Kisumu, tafsiri ya "dirt" huweza kumponza mtu. Sokoni huuzwa odowa, udongo mgumu unaotafunwa, hasa na wajawazito. Ukiandika kwenye bango "usile uchafu", mlaji wa odowa atapita akidhani anaonywa mwingine, kwa kuwa alichonunua si chilo.

Onyo hilo lina sababu. Miaka ya 1990, mtafiti P. Wenzel Geissler na wenzake waliwachunguza watoto wa shule magharibi mwa Kenya wanaokula udongo, wakiwemo wanaoumega kwenye vichuguu. Ulaji huo ulihusishwa na kuambukizwa upya minyoo aina ya askarisi. Kinacholeta minyoo si udongo, bali mayai yao yaliyotoka na kinyesi cha binadamu.

Kwa Kiingereza, wataalamu huwataja minyoo hao kwa udongo unaowaeneza. Tukisema "minyoo wa udongo", mvuvi atafikiria nyungunyungu, chambo chake. Bora "minyoo waambukizao kupitia udongo". Istilahi hiyo humchukua pia mnyoo wa safura, ambaye hangoji kuliwa: mabuu yake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu.

Basi anayeandikia zahanati aache "uchafu" na ataje kitu chenyewe: udongo huu huenda una mayai ya minyoo yaliyotoka na kinyesi.