Kujitolea Meru na Embu: Milango iliyo wazi kwa raia

MNAMO Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia mtoni kwenye daraja la Nithi, katika barabara kuu inayounganisha mji huo na Embu. Zaidi ya watu 30 waliangamia. Mikasa ya aina hiyo hutukumbusha mambo mawili: anayemfikia majeruhi kwanza aghalabu ni mwenyeji wa karibu, na damu haiuzwi dukani.

Njia nyepesi ya kuwafaa wenzako ni kutoa damu. Mji wa Embu una kituo cha kimaeneo cha huduma hiyo. Mtoaji anapaswa kuwa na afya njema, umri wa kati ya miaka 16 na 65, na uzani usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kwa kuwa wanafunzi wa sekondari wamekuwa tegemeo kubwa la akiba ya taifa, upungufu hutokea shule zinapofungwa. Mtu mzima anayejitokeza wakati wa likizo huziba pengo hilo.

Njia ya pili ni Shirika la Msalaba Mwekundu, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965. Wanaojitolea hufunzwa huduma ya kwanza, maarifa yanayoweza kuokoa uhai kabla ambulensi haijafika.

Ya tatu ni uhudumu wa afya nyanjani, uliowekewa mkakati wa kitaifa mwaka wa 2006. Kwa miaka mingi wengi wa wahudumu hawa walifanya kazi bila malipo. Septemba 2023, serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hutarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100, na huteuliwa na wakazi wenzake. Marupurupu hayo si mshahara. Anayefuata pesa atakata tamaa mapema.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Hata hivyo, moyo pekee hautoshi bila uthabiti. Ajuza wa Runyenjes au Igembe aliyepimwa shinikizo la damu leo anahitaji mtu atakayerudi mwezi ujao. Chagua kazi utakayoidumisha.